Junior Seau na vipigo ambavyo hakuna aliyevihesabu

Junior Seau alicheza misimu 20 katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na kwa misimu yote hiyo timu zake hazikuwahi kumworodhesha kuwa majeruhi kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Mkono uliwahi kuvunjika, shingo iliwahi kumsumbua, lakini ubongo haukutajwa. Mei 2012, akiwa na umri wa miaka 43, alijitoa uhai nyumbani kwake Oceanside, California. Januari 2013 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatangaza kwamba ubongo wake ulikuwa na CTE, ugonjwa unaofungamana na kupigwa kichwani mara nyingi kwa miaka mingi.

Inakuwaje mtu ambaye rekodi zake hazioneshi hata jeraha moja la ubongo akutwe na ugonjwa wa vipigo vya kichwa? Wengi walidhani daktari mmoja alizembea, au klabu ilificha karatasi. Huenda kulikuwa na uzembe pia, na mke wake wa zamani alisema hadharani kwamba Seau alipata mitikisiko mingi akanyamaza. Lakini jibu kubwa zaidi liko kwenye kazi yenyewe aliyokuwa akiifanya uwanjani, na ili kuielewa kazi hiyo inabidi kwanza tuujue mchezo.

Katika futiboli ya Kimarekani timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu inapewa manne mengine, isipofaulu mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio huchukua sekunde chache tu, kisha wote wanasimama, wanajipanga upya, wanaanza tena. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira na kuamua: aurushe mbele kwa mwenzake, au amkabidhi mkimbiaji apasue katikati. Mbele yake kuna wanaume watano wakubwa, wengi wao wakiwa na kilo 140 kwenda juu, ambao kazi yao ni kumfungulia njia na kumkinga.

Walinzi nao ni 11. Mbele kabisa kuna safu ya majitu yanayosukumana na majitu ya upande wa pili. Nyuma kabisa kuna wepesi wanaowafuata wanaokimbilia pasi. Katikati, hatua nne au tano nyuma ya safu ya mbele, ndipo anaposimama lainibeki. Timu nyingine hutumia watatu, nyingine wanne, kutegemea mfumo wa kocha, lakini wajibu wao haubadiliki sana: pasi ikirushwa karibu, ni yako, mkimbiaji akipenya, ni wako, kocha akiamuru umvamie kwotabeki, unakwenda. Ni nafasi inayodai kilo zaidi ya 100 na miguu ya mkimbiaji wa mbio fupi kwenye mwili mmoja.

Tazama jaribio moja tu. Mpira unaanzishwa. Lainibeki anapiga hatua moja fupi huku macho yake yakiwa kwa mchezaji wa safu ya mbele aliye mkabala naye. Huyo akiinuka na kurudi nyuma, itakuwa pasi. Akishuka chini na kusukuma mbele, mkimbiaji anakuja. Akichomoka na kukimbia kwa upande, mpira utamfuata huko. Haya yote lainibeki anayasoma kabla hujamaliza kutamka jina lake, kisha anaingia kwenye mwanya. Mwanyani kuna mtu wa kilo 140 aliyekwisha kushika kasi, naye ametumwa kumwondoa njiani. Wanakutana kifua kwa kifua, bega kwa bega, helmeti kwa helmeti. Lainibeki akimshinda huyo, bado ana mkimbiaji wa kumwangusha. Firimbi inalia. Hakuna aliyeumia, hakuna daktari anayeingia, na kwenye televisheni wanarudia kuonesha kitu kingine. Baada ya nusu dakika wanaanza tena.

Vyuo vikuu vya Marekani vimewahi kuweka vipimo ndani ya helmeti za wachezaji wao. Ilionekana kwamba mchezaji anaweza kupata mamia ya vipigo vya kichwa katika msimu mmoja, na baadhi yao hupita elfu moja. Waliopigwa mara nyingi zaidi walikuwa wachezaji wa safu za mbele na malainibeki. Sasa zidisha kwa misimu 20 ya ligi kuu, ongeza misimu ya chuo kikuu, ongeza sekondari. Hicho ndicho alichokibeba Seau kichwani.

Jina lake kamili lilikuwa Tiaina Baul Seau Junior. Alizaliwa San Diego mwaka 1969 kwa wazazi waliotoka Samoa ya Marekani, na sehemu ya utoto wake aliishi huko visiwani kabla familia haijarudi California. Kiingereza alianza kukijua alipofika umri wa miaka 7 hivi. Huko Oceanside, yeye na ndugu zake wa kiume walilala kwenye gereji ya nyumba yao, na baba yao aliwahi kufanya kazi ya usafi na utunzaji wa majengo shuleni. Wasamoa ni wachache sana ndani ya Marekani, lakini futiboli imekuwa mlango wao mkubwa, na vijana wa Oceanside walimtazama Seau kama ndugu aliyetangulia kupita mlangoni humo.

Safari haikuwa laini. Alipoingia Chuo Kikuu cha Southern California alikosa alama 10 kwenye mtihani wa kujiunga na vyuo, akazuiwa kucheza mwaka wake wa kwanza. Aibu ilimuuma mpaka akarudi shule yake ya sekondari kuwaomba radhi walimu na makocha. Lakini msimu wa 1989 akawa tishio la vyuo nchi nzima, na katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1990 San Diego Chargers wakamchukua akiwa wa tano kwenye orodha. Kijana wa Oceanside akabaki kuchezea timu ya nyumbani kwao kwa misimu 13, akiwa na jezi namba 55, na mara 12 mfululizo akachaguliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi.

Waliomwona wanakumbuka kitu ambacho takwimu hazikisemi. Seau alikuwa anabahatisha. Alijifunza tabia za wapinzani mpaka akawa anaondoka mahali pake kabla mpira haujaanzishwa vizuri, anapaa ndani ya mwanya akiwa na hakika kwamba mkimbiaji atapita hapo. Mara nyingi alipatia, na siku aliyokosea, kasi yake ilimrudisha. Makocha walishika vichwa, lakini hawakumzuia. Januari 1995, katika mechi ya kuwania kuingia fainali huko Pittsburgh, alicheza akiwa na mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Aliwaangusha wapinzani mara 16, Chargers wakashinda 17–13 na kwenda Super Bowl kwa mara yao ya kwanza. Huko walifungwa na San Francisco 49–26.

Mechi ile ya Pittsburgh husimuliwa mpaka leo kama ushahidi wa ushujaa, na ulikuwa ushujaa kweli. Mimi kinachonikaa moyoni ni kwamba mtu mwenye shingo iliyoumia aliingiza kichwa na mabega kwenye migongano siku nzima, na kila mtu uwanjani, yeye mwenyewe akiwamo, aliona ndiyo kazi.

Mwaka 2003 alihamia Miami Dolphins. Agosti 2006 aliitisha waandishi wa habari kutangaza kwamba anaacha, akasema yeye hastaafu bali anahitimu. Siku nne baadaye alisaini New England Patriots. Alikuwamo kwenye kikosi cha 2007 kilichoshinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida, kisha kikapoteza fainali kwa New York Giants 17–14. Alistaafu kabisa Januari 2010, siku chache kabla ya kutimiza miaka 41.

Tukirudi kwenye ubongo: huo umekaa ndani ya fuvu ukielea kwenye majimaji. Helmeti ilibuniwa kuzuia fuvu lisipasuke, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini dereva wa daladala akifunga breki ghafla, bodi la gari linaweza lisipate hata mkwaruzo huku abiria wote wamerushwa mbele. Kichwa kinaposimama ghafla au kuzungushwa kwa nguvu, ubongo unaendelea na safari, na nyuzi nyembamba za chembe zake zinavutwa na kunyongwa. Mvuto ukiwa mkubwa, mtu anapepesuka, anasahau yuko wapi, anatapika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo, na huo ndio unaoandikwa kwenye ripoti. Mvuto ukiwa mdogo, mtu anainuka, anajifuta nyasi, anarudi kwenye nafasi yake. Huo hauandikwi popote.

Ndani ya nyuzi hizo kuna protini iitwayo tau, inayosaidia kuzishikilia zikae imara. Kwa mwenye CTE, tau inaachia, inajikunja na kurundikana, kwanza kandokando ya mishipa midogo ya damu kwenye vina vya mikunjo ya ubongo, kisha inasambaa. Jambo la kutisha ni kwamba uharibifu huu unaweza kuendelea miaka mingi baada ya mtu kuacha mchezo. Dalili zinazohusishwa nao ni huzuni nzito, hasira za ghafla, kufanya maamuzi bila kufikiri, kusahau, na hatimaye kwa baadhi yao kupoteza kabisa uwezo wa akili. Familia ya Seau ilieleza mabadiliko ya namna hiyo: usingizi ulimpaa, hisia zilipanda na kushuka, alisahau mambo, alijitenga na watu aliowapenda.

Madaktari waliyajua mambo kama haya kwa mabondia tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa New Jersey alipoandika kuhusu mabondia wanaopepesuka kama walevi. Aliyeyafikisha kwenye futiboli ni Mwafrika, Bennet Omalu, mtaalamu wa magonjwa ya ubongo mzaliwa wa Nigeria. Mwaka 2002 aliuchunguza mwili wa Mike Webster, nyota wa zamani wa Pittsburgh Steelers aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya maisha yake kusambaratika. Kwa macho ubongo ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika, akauandaa vipande vyembamba chini ya hadubini, akaona marundo ya tau. Alichapisha matokeo hayo mwaka 2005, na kamati ya NFL iliyoshughulikia majeraha ya ubongo ikaandika kutaka makala yake yaondolewe. Kamati hiyo iliundwa mwaka 1994, na kwa miaka mingi mwenyekiti wake alikuwa daktari wa magonjwa ya viungo na baridi yabisi. Ligi haikukubali hadharani kwamba mitikisiko ina madhara ya muda mrefu mpaka Desemba 2009, wiki chache tu kabla Seau hajacheza mechi yake ya mwisho.

Ubongo wa Seau ulipofika Taasisi za Taifa za Afya, wataalamu waliogopa kutuhumiwa upendeleo. Sampuli zake zikapewa wachunguzi huru watatu wa nje bila jina, zikiwa zimechanganywa na za watu wengine wawili. Jibu lilikuwa lilelile.

Na vile vipigo visivyoandikwa? Mwaka 2023 watafiti wa Boston walichapisha kazi iliyolinganisha bongo za wachezaji waliofariki na makadirio ya vipigo walivyopata katika nafasi walizocheza. Kilichotabiri ugonjwa vizuri zaidi kilikuwa jumla ya nguvu zote zilizokipata kichwa katika maisha ya mchezaji. Hesabu ya mitikisiko iliyogunduliwa haikusaidia kutabiri. Hapo ndipo fumbo la Seau linapofunguka: ripoti za majeruhi zilikuwa zinahesabu kitu kingine.

Lakini hapa pana mahali pa kwenda taratibu, kwa sababu habari za CTE husambaa zikiwa zimekatwa vipande. Utasikia kwamba kati ya bongo 111 za wachezaji wa zamani wa NFL zilizochunguzwa Boston, 110 zilikuwa na CTE. Ni kweli, ilichapishwa 2017. Lakini bongo hizo zilitolewa na familia zilizokuwa tayari zimeona ndugu yao amebadilika, kwa hiyo takwimu hiyo haisemi kwamba karibu kila mchezaji wa NFL anaugua. Pia ugonjwa huu mpaka sasa unathibitishwa baada ya kifo tu. Mchezaji aliye hai anayesahau funguo au anayeshindwa kulala anaweza kuwa na sonona, shida ya tezi, matatizo ya usingizi au pombe, mambo ambayo yanatibika leo. Na hakuna anayeweza kusema CTE ndiyo iliyomuua Seau. Alikuwa pia na ndoa iliyovunjika, matatizo ya fedha na kamari, na maumivu ya mwili wa miaka 20 ya migongano. Mtu akifika mahali pa kukata tamaa kuna nyuzi nyingi zilizofungana, na mchezaji aliye hai anayeamini ubongo wake umekwisha kuhukumiwa anaweza kuacha kutafuta msaada ambao ungemfaa. Huzuni ni ya kumwambia mtu wa karibu na daktari, hata kama ulicheza mchezo wowote.

Kesi za fedha zina uchungu wake. Maelfu ya wachezaji wastaafu waliishtaki NFL, na mwaka 2013 yakatangazwa makubaliano ya dola milioni 765. Baadaye kikomo hicho kiliondolewa, mahakama ikaidhinisha mwaka 2015, na malipo yamekwisha kupita dola bilioni 1. Ndani ya utaratibu huo mlikuwa na kitu ambacho sikioni namna ya kukitetea: vipimo vya akili vya wachezaji weusi vililinganishwa na kiwango cha kuanzia kilichowekwa chini kuliko cha weupe, ikimaanisha mweusi alipaswa kuharibikiwa zaidi ndipo ahesabiwe ameharibikiwa. Wachezaji wawili weusi wastaafu walifungua kesi 2020, na mwaka uliofuata ligi ikaahidi kuachana na ulinganishaji huo. Watoto wa Seau walijitoa kwenye makubaliano hayo, wakaendelea na kesi yao wenyewe, na shauri lao likamalizwa kwa maelewano mwaka 2018.

Agosti 2015 Seau aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli huko Canton, Ohio, Msamoa wa kwanza kupata heshima hiyo. Binti yake Sydney alikuwa ameandaa hotuba, lakini utaratibu wa ukumbi haukuruhusu hotuba kwa waliokwisha kufariki. Akaruhusiwa kuhojiwa kwa muda mfupi jukwaani.

Malainibeki waliofuata walianza kufanya hesabu tofauti. Machi 2015 Chris Borland wa San Francisco, kijana wa miaka 24 aliyetoka kwenye msimu mmoja mzuri sana, aliacha mchezo kwa kuhofia ubongo wake na kuachia mamilioni ya dola. Januari 2020 Luke Kuechly wa Carolina, msomaji hodari wa michezo kama alivyokuwa Seau, alistaafu akiwa na miaka 28 baada ya mitikisiko kadhaa. Ligi nayo ilibadilika: mkataba wa 2011 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji ulipunguza mazoezi ya kugongana hadi 14 kwa msimu wa kawaida, kumlenga mpinzani kwa kichwa kulipigwa marufuku, na mwaka 2022 malainibeki na wachezaji wa safu za mbele wakalazimishwa kuvaa kifuniko laini juu ya helmeti katika mazoezi ya kabla ya msimu.

Msomaji wa Nairobi au Mwanza anaweza kuona haya ni mambo ya mbali. Si mbali sana. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, na nafasi waliyompa ilikuwa hiyohiyo ya lainibeki. Raga yenyewe ina majeruhi wake: Steve Thompson, bingwa wa dunia wa 2003 akiwa na Uingereza, alisema mwaka 2020 kwamba ana dalili za mapema za kupoteza akili na haikumbuki fainali ile. Soka nayo haiko salama kabisa. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa vichwa, alifariki 2002, na uchunguzi wa baadaye ukakuta CTE. Utafiti wa Glasgow wa 2019 ulionesha kwamba wanasoka wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika kwa ubongo kuliko watu wengine wa rika lao. Mwaka uliofuata Uingereza ikazuia watoto wa miaka 11 na chini kufundishwa kupiga vichwa mazoezini.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto kwenye timu ya raga au ya soka asimuulize kocha tu kama mtoto amewahi kuzimia uwanjani. Amuulize pia mazoezi ya wiki yana dakika ngapi za kugongana, au mipira mingapi ya kupigwa kichwa. Shirikisho la raga duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wachezaji wa kulipwa wasizidi dakika 15 kwa wiki za mazoezi ya kugongana kikamilifu. Tafiti za vyuo vya Marekani zimeonesha kwamba sehemu kubwa ya vipigo vya kichwa hupatikana mazoezini, mahali ambapo hakuna matokeo, hakuna watazamaji, na kocha anaweza kuvipunguza Jumatatu ijayo bila kubadilisha kanuni hata moja ya mechi.